Mti umekunywa au umenawa tu? Matatizo ya bustani za pamoja wakati wa kiangazi Dodoma

Simu huanza Juni. "Mwenyekiti, majani yamekufa." "Mwenyekiti, ule mti wa getini umeliwa na mchwa." "Kuna nyuki huku, njoo na petroli." Mimi si mwenyekiti wa mtaa, ni wa kamati ya bustani tu, nyumba thelathini na kitu zinazozunguka kipande cha ardhi huku Ilazo, lakini ukishapewa cheo umepewa. Viangazi vimepita kadhaa sasa, na malalamiko ni yaleyale kila mwaka. Sababu zake pia ni zilezile, na nyingi ni kazi ya mikono yetu wenyewe.

Nimeyapanga kwa dalili, yaani kile unachokiona ukisimama pale. Chini ya kila dalili naanza na sababu inayotokea mara nyingi, na uchunguzi usiogharimu kitu.

Kifaa kimoja utakihitaji karibu kila mahali: kipande cha nondo nyembamba, milimita 8, urefu wa mita moja, kikunjwe juu kiwe na mshikio. Kesho yake baada ya kumwagilia, kichome ardhini kwa nguvu ya mkono. Penye unyevu kinazama. Kikifika pakavu kinagoma. Shika pale kilipoishia, kichomoe, utazame urefu. Mara ya kwanza kufanya hivyo kwetu, baada ya wiki nzima ya kumwagilia kila jioni, kilizama urefu wa kidole.

Nyasi zote zimekuwa kahawia

Mara nyingi zimelala tu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, na ukoka unalijua hilo kuliko sisi. Jua likizidi unakausha majani ya juu na kutunza uhai kwenye vikonyo vilivyo chini ya udongo. Shika shungi moja uvute. Likikataa kutoka, fukua kidogo, kata kikonyo kwa ukucha. Ndani kikiwa cheupe na kina majimaji, uache ukoka ulale. Sisi tunamwagilia sehemu wanapochezea watoto tu, kwingine kunabaki kahawia hadi mvua. Kuna jirani bado hajanisamehe kwa uamuzi huo.

Kama ni sehemu unayoimwagilia na bado imekauka, sababu ya pili ni maji kidogo ya kila siku. Mpira dakika tano saa saba mchana hulowesha vumbi na kuita mizizi ije juu, ambako jua linaisubiri. Mwagilia mara moja kwa wiki, alfajiri, kwa wingi. Tega makopo matatu matupu kwenye eneo unalomwagilia. Yakijaa sentimita mbili na nusu, funga. Udongo wetu mwekundu hufanya ganda juu, na maji yakianza kukimbia kuelekea barabarani kabla kopo halijafika hapo, pumzisha nusu saa kisha endelea.

Ya tatu ni kunyoa. Kijana wa fyekeo akilipwa kwa siku, atafyeka hadi udongo uonekane ili ujue amefanya kazi. Mwambie aache sentimita 6 hadi 8, na kati ya Julai na Novemba asifyeke kabisa isipokuwa pembezoni mwa njia. Halafu acheni kona moja isiguswe mwaka mzima. Kwetu kona hiyo ina panzi, mijusi, na kalunguyeye anayetoka usiku kutafuta wadudu.

Ukiona mabaka yaliyofagiwa safi, matundu madogo yenye vijichungu vya udongo, na wadudu wanaokokota vipande vya nyasi kavu mchana kweupe, hao ni mchwa wavunaji. Wanapenda ardhi iliyo wazi, kwa hiyo kadiri mnavyofyeka na kufagia ndivyo mnavyowatandikia mkeka. Tandaza nyasi kavu juu ya mabaka, na mbuzi wasiingie.

Ukanda mwembamba uliokufa kutoka geti hadi duka la Mangi ni njia ya watu. Panga mawe, pawe njia kweli.

Mche unamwagiliwa, na bado unakauka

Hapa ndipo pesa nyingi za bustani hupotelea. Tangu kampeni ya kukijanisha Dodoma ilipoanza mwaka 2017, miche inapandwa kila msimu wa mvua, na mingi hufa kwenye kiangazi chake cha kwanza.

Mzee anayetutunzia bustani, Mgogo wa hapahapa, ndiye aliyenifundisha swali la kuanzia. Alinikuta nimesimama na mpira juu ya mwarobaini, namwagilia majani na shina kama naosha gari. Akanitazama kidogo, akaniuliza: "Mwanangu, huo mti umekunywa au umenawa tu?"

Kwa hiyo anza na nondo, nusu mita kutoka kwenye shina. Isipozama walau sentimita 30, mti umenawa. Chimba beseni kuuzunguka, upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, ukingo wa kiganja kimoja, na shina libaki juu kidogo katikati ili lisikae kwenye tope. Mimina ndoo ya lita 20 polepole, mara moja au mbili kwa wiki. Kama maji ni ya kununua kwa madumu, zika mtungi wa udongo usiopakwa rangi kando ya mche, shingo ikibaki nje, ujaze, uufunike kwa kigae. Maji yanavuja kidogokidogo kwenye ukuta wa mtungi, mizizi inayafuata yenyewe. Usiuache wazi hata siku moja. Mbu watauona kabla yako, na mijusi huzama humo.

Nondo ikizama vizuri na mche bado unanyong'onyea, shuku kiriba, kile kifuko cha plastiki mche ulimooteshwa. Nilipoteza safu nzima ya miti ya kivuli kwa sababu hii. Tulilaumu mchwa, tukalaumu maji, tukalaumu hata aliyetuuzia. Tulipong'oa mti wa kwanza, mizizi ilikuwa bado ndani ya plastiki nyeusi, imejizungusha kama kamba ya katani kwenye kigingi. Vijana tuliowapa kazi walipasua kiriba chini tu, wakapanda. Fukua upande mmoja taratibu, urefu wa kiganja. Ukikuta plastiki, ichane kwa kisu kutoka juu hadi chini na uivute vipandevipande bila kuutikisa mti, kisha rudisha udongo na umwagilie siku hiyohiyo. Mti uliokaa na kiriba zaidi ya msimu mmoja huwa hauponi. Ung'oe, panda mwingine mvua zikianza.

Sababu ya tatu ni chumvi. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi na chokaa. Sufuria ya chai itakuthibitishia. Ncha za majani hukauka kwanza, na juu ya udongo hutokea unga mweupe. Hapo kumwagilia kidogokidogo ndiyo sumu yenyewe, maana maji yanapaa na chumvi inabaki. Punguza siku, ongeza wingi, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Kwangua ule unga mweupe, utupe mbali. Maji ya mvua ya paa, kama kuna tenki, yawekewe miche.

Mchwa nimewaweka wa nne kwa makusudi, ingawa ndio hutajwa wa kwanza. Ukiona tope limepanda kwenye shina, usikimbilie dukani. Kwangua lile tope, kisha kwaruza gome kwa kisu. Chini pakiwa kijani, mchwa walikuwa wanakula gome lililokufa tu, na tatizo lako ni moja ya yale matatu ya juu. Mti wenye maji ya kutosha huliwa mara chache. Sogeza matandazo yawe mbali na shina kwa upana wa kiganja, ondoa vigingi vya mbao vilivyooza, nyunyiza majivu kidogo kuzunguka shina. Kidogo, kwa sababu majivu huongeza magadi kwenye udongo ambao tayari una ya kwake. Kichuguu kilicho mbali na nyumba na miche, kiacheni.

Simama hapa: usimwage dawa ya mchwa ya kujengea nyumba kwenye bustani ya watu wote. Inaua vilivyo ardhini, inafika kwa ndege anayekula mchwa, na watoto hukaa palepale. Kama mche baada ya mche unaliwa ukiwa kijani, mwite afisa ugani au afisa misitu aje aone kwa macho. Kiuatilifu kisicho na lebo ya Kiswahili wala namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kisiingie getini, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Mti mkubwa umepukutisha majani yote

Angalia kalenda kabla ya kuita msumeno. Mbuyu, mkrismasi na migunga mingi hupukutisha kiangazi, ni kawaida yake. Kinachowachanganya watu ni kinyume chake: kuna mgunga mmoja mkubwa, Faidherbia albida kwa jina la kitaalamu, unaobaki kijani kiangazi na kupukutisha mvua zikija. Mti wa namna hiyo huhukumiwa kifo kila Februari.

Kwaruza kitawi kwa ukucha. Kijani na unyevu, upo hai. Kikavu, rudi nyuma kuelekea shina, kwaruza tena, hadi upate kijani. Tawi kavu ndilo linaloishia hapo. Ukiwa unapogoa, inua macho kwanza. Ndege wetu wengi hutaga msimu wa mvua, kwa hiyo kiangazi ndio wakati mzuri wa kupogoa, lakini mwewe na bundi wengi huzaa wakati huuhuu wa ukame. Kiota chenye kinyesi kipya chini yake, mwache mama amalize kazi. Na tawi kavu lisilo juu ya njia wala paa, mimi huliacha. Vigogota wanalitaka, nami silipi kibarua cha kulishusha.

Hapa usijaribu mwenyewe: tawi lililogusa au kukaribia waya wa umeme (ni la TANESCO, hata kama mti ni wenu), mti ulioinama ghafla na udongo umepasuka upande mmoja, shina linalotoa sauti ya ngoma ukiligonga. Weka kamba, zuia watoto, ita wenye vifaa. Na kabla ya kuangusha mti wowote wa eneo la wazi, pitia ofisi ya serikali ya mtaa na ofisi ya misitu ya jiji upate kibali.

Maji hayatoki, au yanatoka pasipotakiwa

Usicheke: kwanza tazama kama koki imefunguliwa na tenki lina maji. Mara mbili nimemlipa fundi nauli aje kufungua koki. Kisha boya la tenki, huwa linakwama. Kisha chujio, lifungue ulisugue.

Kwenye umwagiliaji wa matone, vidude vya kudondoshea maji huzibwa na chokaa. Vichomoe, viloweke kwenye siki au maji ya ndimu usiku mzima, suuza. Kama mstari mzima umezimika, fungua ncha ya mwisho ya mpira, uache maji yakimbie hadi yawe safi.

Sehemu moja inabaki kijani kibichi peke yake Oktoba? Bomba linavuja chini yake. Funga koki zote, tazama mita dakika kumi. Ikizunguka, una jibu. Kuvuja baada ya mita ni kwa fundi bomba wenu. Kabla ya mita, mpigie DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, na msichimbe.

Nyuki wamekuja

Tofautisha mambo matatu. Wakiwa wachache wanazunguka koki inayodondoka, wanatafuta maji ya kunywa na kupoza mzinga. Tengeneza koki, na uwawekee sahani ya maji yenye kokoto za kutua, pembeni kabisa pasipopita watu. Ukiwapa maji huko hawatarudi bombani.

Wakiwa wamening'inia kwenye tawi kama kifurushi, ni kundi lililo safarini. Hawana watoto wala asali ya kulinda. Funga njia ile, wape siku mbili tatu, kwa kawaida wataondoka wenyewe.

Wakiingia na kutoka kwenye tundu, iwe ni mti, ukuta au chemba ya mita ya maji, wamehamia. Hao usiwaguse. Nyuki wa Afrika hushambulia kwa pamoja, na mngurumo wa mashine ya kukata majani unatosha kuwaamsha. Mashine zizimwe upande huo, msomaji wa mita aambiwe kabla hajainua mfuniko. Petroli, moshi wa matairi na mawe ndivyo huleta maafa, na mara nyingi anayeumwa ni mbuzi aliyefungwa au mzee asiyeweza kukimbia. Ita mfugaji nyuki mwenye vazi, au ulizia afisa nyuki wa halmashauri au wa TFS, wakala wa misitu wa serikali. Mkoa huu una wafugaji wengi. Wa kwetu alikuja jioni na sanduku, akawachukua wote, akatuletea asali miezi mingi baadaye.

Wakishambulia: funika uso kwa nguo, kimbia moja kwa moja hadi ndani ya nyumba, funga mlango. Usijitose kwenye maji. Ukiwa salama kwangua miiba haraka. Aliyeumwa mara nyingi, aliyevimba uso au anayehema kwa shida apelekwe hospitali papo hapo.

Nyoka ameonekana

Hapiti bure. Sababu kuu ni panya, na sababu ya panya ni taka za jikoni zinazomwagwa nyuma ya ukuta. Inayofuata ni rundo la tofali na mbao zilizobaki kwenye ujenzi, zimekaa chini tangu nyumba iishe. Ondoeni vyote viwili, rundo lihamishwe mchana kwa sepetu, mkiwa na buti na glavu ngumu. Mkono usiingie kwenye tundu usiloliona ndani. Usiku tembea na tochi, maana kifutu halikimbii. Linalala njiani na kungoja ulikanyage. Na si kila kirefu ni nyoka: nusu ya simu za nyoka kwetu zimeishia kwenye kenge.

Nyoka akiwa wazi na ana njia ya kutokea, mpishe. Akiwa ndani ya nyumba, kwenye dari, au akiwa swila au koboko, kila mtu atoke, mmoja amtazame kwa mbali asipotee, na muwaite maofisa wanyamapori. Watu wengi huumwa wakijaribu kuua.

Akiuma: mlaze mtu, avuliwe pete na bangili, kiungo kitulizwe kwa ubao, aende hospitali, na mpige simu njiani. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza, msipoteze muda na jiwe jeusi. Mate ya swila yakiingia machoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka, robo saa nzima, halafu hospitali.

Bundi amekutwa amekufa

Najua kinachosemwa kuhusu bundi. Aliyekufa chini ya mkwaju wetu alizungumzwa wiki nzima, na familia moja ilitaka mti ukatwe. Ukweli ulikuwa kwenye pakiti ya sumu ya panya niliyoikuta nyuma ya banda la mlinzi. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Hulegea, hutoka mchana, na bundi humwokota kama zawadi. Paka nao huenda hivyohivyo. Tumia mitego, funika taka. Mzoga uzike kwa glavu, kina cha goti.

Kama ni ndege wengi wamekufa kwa wakati mmoja, usiwaguse kabisa wala usiwazike. Mjulishe afisa mifugo, atajua cha kuchukua kupimwa.

Ndege wakipungua tu bila kufa, kiangazi wanatafuta maji kuliko chakula. Weka beseni lenye kina kisichozidi sentimita tano, jiwe katikati, juu ya kisiki paka asifike, karibu na kichaka cha kukimbilia. Badilisha maji kila siku ya pili, mbu asipate nafasi ya kukua. Kwezi watafika wa kwanza, wana kelele.

Majani makavu yamejaa, watu wanataka kuchoma

Hapana. Upepo wetu wa Agosti hauombi ruhusa. Nusu yapeleke kwenye mabeseni ya miti yawe matandazo, nusu kwenye shimo na maganda ya jikoni na samadi, mwagia maji mara moja moja. Fyeka mkanda wa mita tatu tu kwenye ukuta unaopakana na pori au barabara. Moto ukishaingia, Zimamoto 114 kwanza, matawi ya kupigia baadaye, na mkiona umepita kimo cha mtu, ondokeni.

Wadudu wenye mabawa wamejaa ukumbini, maelfu

Hii simu huja usiku wa mvua ya kwanza kubwa. Ni kumbikumbi, kutoka kwenye kile kichuguu nilichokataa kivunjwe. Zima taa ya nje, nenda ukalale. Alfajiri watoto watakuwa na ndoo zao za kukusanya wa kukaanga, na ndege watakuwa wamewatangulia.